Walikale: Video ya arusi, simu ya ndugu ao kamera ya fundi?

Siku ya Jumamosi, Walikale-centre, Mubi ao Ndjingala, maharusi wakiingia kanisani ao chini ya shitingi, kitu cha kwanza kinachoonekana ni mikono iliyoinuliwa ikishika simu. Wiki kadhaa mbele ya siku hiyo, kamati ya arusi ilikuwa imekwisha kujadili jambo hilo: familia ilipe mpiga picha wa kazi, ao imwachie kijana wa nyumbani mwenye simu nzuri? Mara nyingi mjadala unaisha kwa hesabu ya pesa. Mchele, nyama, vinywaji na usafiri wa wageni vinapita kwanza. Video inabaki chini kabisa ya orodha, pale ambapo pesa imekwisha.

Hesabu hiyo ilieleweka wakati watu wote walioonekana kwenye video walikuwa wakiishi kijiji kimoja na kukutana kila juma. Tangu vita vya 2025, mambo ni tofauti. Wengi waliokaa kwenye benchi moja siku ya arusi leo wako mbali: huyu Kisangani, yule Goma, mwingine Bukavu ao Uganda, na wengine hawapo tena duniani. Kwa familia ya namna hiyo, dakika chache za video ndiyo mahali pekee ambapo ukoo mzima ungali umekaa pamoja. Kwa hiyo kuuliza nani atapiga picha hakutoshi. Inafaa kuuliza pia nani atazilinda, na zitakuwa wapi siku watu watakapokimbia.

Barabara iliyokatika kati

Walikale ni teritware kubwa kuliko zote za Kivu ya Kaskazini. Eneo lake linapita kilomita za mraba 23 000, zaidi ya theluthi moja ya mkoa mzima, na sehemu kubwa yake ni msitu. Kwa miaka mingi, familia yenye uwezo ilipotaka video nzuri ilimwita kameramani kutoka mji mkubwa. Njia ya kwenda Goma inapita Masisi na Sake. Njia ya kwenda Bukavu, barabara ya taifa nambari 3, inapita Hombo na Bunyakiri, na upande wa pili barabara hiyo hiyo inaendelea mpaka Lubutu na Kisangani.

Mwaka 2025 ramani hiyo ilivunjika. Goma iliingia mikononi mwa AFC/M23 mwishoni mwa Januari, na Bukavu katikati ya Februari. Tarehe 13 Machi, kampuni ya Alphamin ilitangaza kwamba inasimamisha kazi katika mgodi wake wa bati wa Bisie. Tarehe 19 Machi, wapiganaji wa M23 waliingia Walikale-centre. Siku tatu kisha, muungano huo ulisema utaondoa askari wake, na mwanzoni mwa Aprili mji ulirudi mikononi mwa serikali. Alphamin ilianza kurudi kazini hatua kwa hatua tarehe 9 Aprili. Lakini mapigano kati ya AFC/M23 na Wazalendo yaliendelea katika vijiji vya mpakani mwa Masisi na Walikale, na raia wakaendelea kuhama.

Kwa mpiga picha, maana ya yote hayo ni moja: kutoka Goma ao Bukavu kuja Walikale ni kuvuka mstari wa vita akiwa na kamera begani. Ni wachache wanaokubali. Anayekubali anahesabu pikipiki, kulala, chakula na bariera za njiani, na familia ndiyo inayolipa. Kazi ya siku moja inageuka safari ya juma zima, na wakati mwingine gharama ya njia inapita mshahara wa kazi yenyewe. Isitoshe, benki za Goma zilifungwa tangu mwisho wa Januari 2025, na kutuma pesa mbele ya kazi kukawa shida nyingine.

Umeme nao ni tatizo la zamani. Nyaya zinazopeleka umeme wa Virunga katika Goma na Rutshuru hazijafika Walikale. Watu wanategemea sola na jenereta. Kamera yenye betri mbili, taa za kuangaza usiku na ordinateri ya kupanga video vinahitaji nguvu hiyo yote. Ni jambo la kushangaza: bati ya Bisie, ambayo ni karibu asilimia 6 ya bati yote inayochimbwa duniani, inaingia katika madini ya kuunganisha vyuma vidogo ndani ya simu na kamera. Lakini mahali inapochimbwa, watu wanatafuta pa kuchaji simu hizo.

Ndugu mwenye simu

Kwa sababu hizo zote, simu ya ndugu inashinda mara nyingi. Na si kwa bei tu. Kijana wa familia anajua watu. Anajua kwamba mzee yule aliyekaa nyuma ndiye mjomba mkubwa, hata kama amevaa koti la kawaida. Anajua nyanya ambaye hapendi kupigwa picha akila. Anaingia chumba cha kupambia bibi-arusi bila kuomba ruhusa, kama ni dada yake. Mgeni mwenye kamera, hata akiwa fundi wa hali ya juu, anaweza kumpita mjomba huyo na kutumia dakika kumi nzima kwenye keki.

Lakini ndugu ana upungufu ambao familia huugundua wakati umepita. Wa kwanza ni kwamba yeye pia ni mgeni wa arusi. Atasalimia, atabeba sahani, atatumwa kutafuta soda, atacheza. Wakati wa kusema ahadi, anaweza kuwa nje akipokea wageni waliochelewa. Fundi aliyelipwa hana kazi nyingine siku hiyo.

Upungufu wa pili ni sauti. Simu inasikia kwanza kilicho karibu nayo. Ikishikwa katikati ya wageni, itachukua kicheko cha jirani na kilio cha mtoto kuliko neno la mchungaji aliye mbele. Video nyingi za simu zina picha inayoonekana vizuri na maneno yasiyosikika hata kidogo. Kameramani mzuri anaweka kinasa sauti karibu na anayesema, ao anachukua sauti moja kwa moja kwenye mashine ya vipaza sauti.

Wa tatu ni nafasi na nguvu. Video ya ubora wa kawaida wa simu za leo inakula karibu megabaiti 100 ao zaidi kwa dakika moja. Saa moja inaweza kupita gigabaiti 6. Simu yenye gigabaiti 32, ambayo tayari imejaa nyimbo, picha na video za WhatsApp, itasimama kabla ya mahari kumalizika kuhesabiwa. Na mtu akipiga simu katikati ya tukio, kurekodi kunaweza kukatika bila mwenye simu kutambua.

Fundi naye ana shida zake

Hata hivyo, kumlipa fundi si dawa ya kila kitu. Malalamiko yanayosikika katika familia nyingi yanafanana: kazi ilifanyika, pesa ilitolewa, video haikufika. Fundi anasema anaipanga. Mwezi unapita, miezi sita inapita. Kisha ordinateri inaharibika, ao yeye mwenyewe anahama kwa sababu ya vita, na video yote inapotea pamoja naye. Maharusi wanabaki na picha chache walizotumiwa kwa simu siku ya pili.

Chanzo cha shida hiyo kinajulikana. Mapatano mengi yanafanywa kwa mdomo. Familia na fundi wanapatana bei, lakini hawasemi video itatoka siku gani, itakuwa ya dakika ngapi, na nani atabaki na picha zote ambazo hazikupangwa. Picha hizo mbichi ndizo zenye thamani kubwa kwa ukoo, kwa sababu ndani yake mna hotuba nzima, wakati video iliyopangwa inabakiza tabasamu na muziki.

Mwenye kulipa ana haki ya kudai vitu viwili: apewe picha zote mbichi kwenye flashi kabla fundi hajaondoka kijijini, na sehemu ya mwisho ya malipo itolewe video iliyopangwa ikifika. Karatasi moja iliyoandikwa kwa mkono, yenye sahihi mbili, inatosha. Fundi mwaminifu hatakataa, kwa sababu karatasi hiyo inamlinda yeye pia dhidi ya familia inayotaka kumaliza kulipa mwaka ujao.

Mahari ndiyo yenye uzito

Kuna jambo lingine ambalo linapaswa kuongoza uchaguzi. Katika Kivu, ndoa inapita hatua tatu: mahari mbele ya familia, ofisi ya serikali, na kanisa ao msikiti. Pesa ya kupiga picha huwa inawekwa kwenye hatua ya tatu, kwa sababu ndiyo yenye gauni jeupe, msafara na muziki. Mahari inaachiwa simu ya yeyote aliye karibu.

Lakini kwa sheria na kwa desturi, mahari ndiyo yenye uzito. Sheria ya Familia ya Kongo, ya tarehe 1 Agosti 1987 na iliyorekebishwa tarehe 15 Julai 2016, inaomba familia mbili zipatane juu ya mahari, na ndoa haiwezi kufungwa kama hata sehemu yake haijatolewa. Sheria hiyo hiyo inakataza ndoa ya mtu asiyefikisha miaka 18. Siku ya mahari, msemaji wa kila upande anasimama, orodha inasomwa, mbuzi na vitu vingine vinaonyeshwa, pesa inahesabiwa, na wazee wanasema kilichobaki kitatolewa lini. Maneno hayo ndiyo yanayorudi miaka kumi kisha, wakati kuna ugomvi.

Na ugomvi unakuja. Mume akifa, ndugu zake wanaweza kusema mke hakuolewa, aliishi tu naye. Familia ya mke inaweza kusema mbuzi watatu hawakufika. Zamani wazee waliokuwapo waliitwa, wakasema walichoona. Leo mzee mmoja yuko kambini, mwingine amezikwa, wa tatu hajulikani alipo. Video ya dakika ishirini, ambamo msemaji anataja majina na kuhesabu vitu moja kwa moja, inaweza kutuliza kikao cha familia kabla jambo halijafika mahakamani.

Hata hivyo, watu wasidanganyike. Video haichukui nafasi ya cheti cha ndoa. Anayetaka haki ya mke, ya watoto na ya urithi ilindwe anapaswa kuipeleka ndoa mbele ya afisa wa serikali anayeandika ndoa na kupata karatasi yake. Kutumia pesa nyingi kwa kamera na kuacha kuandikisha ndoa ni kuweka mlango mzuri kwenye nyumba isiyo na ukuta.

Picha inayoweza kuleta hatari

Katika eneo lenye makundi ya silaha, arusi iliyowekwa kwenye mtandao ni orodha ya watu. Inaonyesha nani alikuwapo, alikaa karibu na nani, nani alitoa pesa nyingi, nyumba ya sherehe iko wapi. Inaweza kuonyesha kijana aliyevaa nguo ya jeshi, jirani aliye na ndugu upande mwingine wa vita, ao mfanyabiashara wa madini aliyetoa bahasha nene mbele ya watu wote. Siku ile, kila mtu alifurahi. Miezi michache kisha, mji unapobadilisha mikono, picha ile ile inaweza kumletea mtu maswali asiyoweza kujibu. Na kwenye bariera, mwenye silaha akiomba simu, hakuna anayejua ataangalia nini ndani yake.

Hapa fundi na ndugu wote wanaweza kukosea. Fundi anatafuta wateja, kwa hiyo anaweka kazi yake kwenye Facebook ao TikTok. Ndugu anafurahi, kwa hiyo anaweka kwenye status ya WhatsApp kabla maharusi hawajatoka kanisani. Tangu tarehe 13 Machi 2023, Kongo ina Sheria ya Mambo ya Kidijitali, ambayo inalinda habari za mtu binafsi. Lakini katika kijiji kisicho na mahakama karibu, ulinzi wa kwanza ni mapatano. Msemaji wa arusi anaweza kutangaza mwanzoni: hakuna kuweka picha za wageni mtandaoni bila ruhusa ya familia. Kwa fundi, jambo hilo liandikwe kwenye karatasi ile ile ya malipo.

Nakala moja ni sawa na hakuna

Watu wa Goma wanakumbuka tarehe 17 Januari 2002, wakati lava ya Nyiragongo ilipopita katikati ya mji. Nyumba ziliungua na vyote vilivyokuwa ndani, pamoja na albamu za picha. Picha ya karatasi iliyokuwa na nakala moja tu ilipotea milele. Kisha kulikuwa kanda za video za VHS: nyumba nyingi zingali na kanda ya arusi kwenye sanduku, lakini mashine ya kuichezesha haipatikani tena. CD nazo zinakwenda njia ile ile, maana ordinateri mpya hazina mahali pa kuziingiza.

Simu ina udhaifu wake. Inaibiwa, inaanguka mtoni, inauzwa wakati wa njaa, inanyang'anywa njiani. Anayekimbia usiku anabeba watoto na godoro, na kama ana bahati, simu. Video iliyo ndani ya simu moja tu ina maisha mafupi kuliko karatasi ya zamani.

Njia ya kuilinda haiombi pesa nyingi. Juma lile lile la arusi, video nzima inakiliwa kwenye flashi tatu ao kadi memori tatu: moja kwa maharusi, moja kwa familia ya mume, moja kwa familia ya mke. Inafaa angalau moja iende mji mwingine, kwa ndugu wa Kisangani ao Kampala, kwa sababu vita haviingii miji yote siku moja. Kila mwaka ao miaka miwili, nakala inafunguliwa ili kuhakikisha ingali inacheza.

Wanaotuma kwa WhatsApp wajue jambo moja. Video ikitumwa kwa njia ya kawaida, programu inaibana na ubora unapungua sana. Ikitumwa kama dokima, inafika jinsi ilivyo, mradi isipite gigabaiti 2. Mtandao wa Walikale ni dhaifu, kwa hiyo ni afadhali kutuma vipande vifupi vyenye maneno muhimu: hotuba ya mahari, ahadi, baraka ya wazazi. Vingine vitasubiri mtu anayesafiri.

Njia ya katikati

Kutokana na hayo yote, kwa familia nyingi za Walikale jibu liko katikati: kumlipa fundi wa karibu kwa saa chache zenye uzito, na kuwaachia ndugu saa zilizobaki. Fundi achukue mahari na ahadi, mahali ambapo sauti na utulivu vinahitajika na ambapo kosa halirudiwi. Ndugu wachukue maandalizi, chakula, ngoma na wazee waliokaa nyuma. Kazi hiyo haiombi mtu kuvuka mstari wa vita. Inaomba kijana wa mahali, mwenye kamera ya wastani, betri za akiba na neno la kuaminika.

Kama pesa ya fundi haipo kabisa, simu inaweza kufanya kazi nzuri, mradi itendewe kama chombo cha kazi. Ndugu mmoja anachaguliwa, si kumi, na siku hiyo hapewi kazi nyingine. Simu inasafishwa ili nafasi ipatikane, inachajiwa usiku, inawekwa katika hali ya ndege ili isipokee simu yoyote, inalazwa kwa ubavu na kuegemezwa mahali imara. Simu ya pili, hata ya bei ndogo, inawekwa mezani karibu na msemaji kwa ajili ya kunasa sauti tu. Kabla ya wageni kufika, wanarekodi dakika moja na kuisikiliza.

Kwa vijana wa Mubi, Ndjingala na Walikale-centre, hapa kuna kazi pia. Kwa miaka mingi, kijana asiye na shamba alikuwa na njia moja ya haraka ya kupata pesa: kwenda kwenye mashimo ya madini. Upigaji picha hautachukua nafasi ya mgodi, lakini unaweza kulisha wachache, na wateja wake hawapungui, maana hata wakati wa vita watu wanaoana. Atakayefaulu ni yule ambaye familia inajua kwamba akisema video itatoka Ijumaa, itatoka Ijumaa, na kwamba picha za wageni hazitaonekana mahali pasipofaa.

Kamati ya arusi inayokaa juma hili, basi, inaweza kuanza na swali jingine kabla ya kuuliza bei: kama mji ukihama kesho, video hii itakuwa mikononi mwa nani? Kama jibu ni jina la mtu mmoja tu, awe ndugu ao awe fundi, maandalizi hayajakamilika. Flashi mbili za ziada haziombi pesa nyingi.